Metali Hufuata Hewa Iliyomo

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba hewa ina nguvu juu ya metali. Bati la nyumba iliyo ukingoni mwa bahari haliishi miaka sawa na bati la nyumba ya mbali na pwani. Msumari wa jahazi hutafunwa na chumvi. Vifundo vya shaba vilivyopigwa katika milango ya Mji Mkongwe hupoteza mng'aro wake na kuingia kijani visiposuguliwa. Haya tumeyarithi kwa wazee wetu, na kila mwenye nyumba, chombo au gari huyalipia kwa mfuko wake.

Lakini liko jambo jingine ambalo macho matupu hayalioni, nalo limethibitishwa na wataalamu katika miaka hii ya karibuni. Metali inapogawanywa ikawa chembe ndogo mno, gesi inayoizunguka haiishii kuila kwa nje, bali huifinyanga upya. Huitoa pembe au huiviringisha. Huilaza ikawa bapa au huiinua ikasimama. Na ikiwa chembe hiyo ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali mbili au zaidi, gesi huweza kuiita metali moja itoke nje na kuiacha nyingine ndani. Ikija gesi ya namna nyingine, chembe ile ile huweza kurudia hali yake ya kwanza.

Huenda msomaji akauliza: habari ya chembe zisizoonekana yatuhusu nini sisi wa Unguja na Pemba? Jibu limefungwa chini ya gari inayopita mbele ya mlango wake, nalo linahusu pumzi ya mtoto anayecheza barazani. Kwa sababu hiyo tumeona vyema leo kulieleza jambo hili kwa urefu, kisha tuseme maneno machache kwa wenye magari na kwa wakuu wanaohusika na ukaguzi wake.

MASEGA YALIYO CHINI YA GARI

Magari ya petroli yaliyoundwa kwa ajili ya barabara za Japani, Ulaya na Marekani katika miongo hii ya karibuni yana chombo kilichofungwa katika bomba la moshi, baina ya injini na sailensa. Kwa nje ni mkebe wa chuma usio na la kutazamwa. Kwa ndani, aghalabu, mna kipande cha kauri chenye vijitundu vingi vilivyopangika sambamba mithili ya sega la nyuki, na ndiyo maana mafundi wetu wengi hukiita masega. Jina hilo linafaa, nasi tutalitumia.

Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa tabaka la oksaidi ya aluminiamu, na katika tabaka hilo zimetapakaa chembe za metali zenye thamani kubwa: platinamu, paladiamu na rodiamu. Katika gari moja ndogo metali hizo zote kwa pamoja hazizidi gramu chache. Lakini gramu hizo zimegawanywa katika chembe zenye upana wa nanometa chache tu, na nanometa moja ni sehemu moja ya meta iliyokatwa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe ya platinamu yenye upana wa nanometa 3 ina atomi zipatazo 1,000, na zaidi ya thuluthi ya atomi hizo zimekaa juu ya uso wake. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu gesi hukutana na uso tu. Atomi iliyojificha katikati haina mgeni.

Chembe hizo huitwa kichocheo. Kichocheo katika kemia ni kama mshenga: huwakutanisha wawili ambao wenyewe wasingekutana upesi, shughuli ikatimia, naye akabaki kama alivyokuwa, tayari kwa shughuli nyingine.

Moshi wa injini ya petroli hutoka na sumu tatu kubwa. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu ya mwanadamu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ya pili ni mabaki ya petroli isiyoungua. Ya tatu ni oksaidi za nitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kuchafua hewa ya miji. Juu ya uso wa chembe za masega, kaboni monoksaidi hupewa oksijeni ikawa kaboni dayoksaidi. Mabaki ya petroli huungua yakawa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Oksaidi za nitrojeni hunyang'anywa oksijeni yake, ikabaki nitrojeni, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tuvutayo kila siku. Masega mazima, yakishapata moto wa kutosha, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu.

Fikra ya chombo hiki si ngeni. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa amekwisha kukibuni katika miaka ya 1950. Lakini petroli ya siku zile ilitiwa madini ya risasi, na risasi huifunika chembe ya kichocheo ikafa. Ilipofika mwaka 1975 ndipo magari mapya ya Marekani yalipoanza kutoka viwandani kwa wingi yakiwa na chombo hicho, na petroli isiyo na risasi ikauzwa kwa ajili yake. Hapo tangu mwanzo paliwekwa kanuni ambayo tutairudia mbele: kichocheo hakiwezi kutengwa na kile kinachopita mbele yake.

KWA NINI UMBO HUBADILIKA

Msomaji na aitazame punje ya chumvi. Ina pande bapa na pembe zilizo sawa. Chembe ya metali nayo, ijapokuwa ni ndogo kupita kiasi, ina pande zake. Katika upande mmoja atomi zimebanana kama mawe ya sakafu yaliyopangwa na fundi hodari. Katika upande mwingine zimeachana, kila moja imekosa majirani wa kutosha wa kushikana nao. Upande wa namna hii ya pili una gharama kubwa ya nishati, na metali ikiachiwa yenyewe huupunguza na kuupanua ule uliobanana. Mmarekani Josiah Willard Gibbs aliliweka wazo hili katika hesabu katika karne ya 19, na mwaka 1901 Mrusi Georgy Wulff akaonesha jinsi ya kulichora umbo ambalo fuwele hulipendelea.

Sasa gesi na iingie. Atomi zilizokosa majirani huikaribisha gesi kwa mikono miwili. Gesi ikishashikamana nazo, gharama ya upande ule hupungua, na upande uliokuwa ukiepukwa huanza kupanuka. Atomi huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine mpaka umbo zima lifuate hali mpya. Kila gesi ina upande iupendao, kwa hiyo kila gesi huzaa umbo lake. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Metali imeyatii maneno hayo kuliko wengi wetu.

Katika aloi mambo huzidi kunoga. Tufikiri nyumba yenye ndugu wawili. Mgeni akibisha hodi, hutoka barazani yule ndugu anayejuana naye, na mwenziwe hubaki ukumbini. Rodiamu hujuana zaidi na oksijeni kuliko paladiamu inavyojuana nayo. Basi gesi yenye kutoa oksijeni ikizunguka chembe ya metali hizo mbili, rodiamu hutoka nje. Ikija gesi yenye kunyang'anya oksijeni, paladiamu ndiyo hushika baraza. Na kwa kuwa gesi ya moshi huingiliana na uso tu, kubadilika kwa aliyeko barazani ni sawa na kubadilisha kichocheo chenyewe, ingawa hakuna gramu iliyoongezwa wala iliyopungua.

WALIYOYAONA WATAALAMU

Haya si maneno ya kudhania. Mwaka 2002 wataalamu wa Denmark, wa kampuni ya Haldor Topsøe pamoja na wenzao wa chuo kikuu, walitangaza picha walizozipata kwa hadubini ya elektroni iliyotengenezwa ili iweze kutazama penye gesi. Walichunguza chembe za shaba zilizokaa juu ya oksaidi ya zinki, kichocheo kinachotumika viwandani kutengenezea methanoli. Katika haidrojeni kavu, chembe zilikuwa na pande zilizo wazi. Ulipoongezwa mvuke wa maji, ziliviringika. Mvuke ulipoondolewa na kaboni monoksaidi kidogo ikatiwa katika haidrojeni, chembe zilitandaa juu ya zinki zikawa bapa. Gesi iliporudishwa kama ya mwanzo, umbo nalo lilirudi.

Mwaka 2008 wataalamu wa taasisi ya Max Planck ya mjini Stuttgart, Ujerumani, walitangaza kazi waliyoifanya kwa miali ya eksirei juu ya chembe za rodiamu. Kwa joto la nyuzi 327 hivi za Selsiasi, oksijeni ilijenga juu ya chembe utando mwembamba wa oksaidi, na umbo la chembe likabadilika. Ilipopitishwa kaboni monoksaidi, utando uliondoka na umbo likarejea.

Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na maabara ya taifa iliyo jirani yake, kundi la wataalamu wakiwemo Gabor Somorjai na Miquel Salmeron lilieleza habari ya chembe za rodiamu na paladiamu. Chembe zilipozungukwa na oksidi ya nitriki, rodiamu ilikusanyika kwa nje. Ilipoongezwa kaboni monoksaidi, paladiamu ikachukua nafasi yake. Gesi zilibadilishwa tena na tena, na metali zile zikapishana kila mara. Lakini walipochukua aloi ya platinamu na paladiamu, mabadiliko yalikuwa madogo sana. Hii yatuonesha kwamba utiifu wa metali kwa gesi haulingani. Kila mchanganyiko una tabia yake.

Mwaka 2014 ikaja habari ya kustaajabisha zaidi. Chembe za platinamu zilitazamwa katika kijitanuri kidogo mno, chenye gesi kwa shinikizo linalokaribia la hewa tuvutayo, zikifanya kazi ya kuigeuza kaboni monoksaidi. Zilionekana zikibadilika kutoka mviringo kwenda pande bapa, kisha kurudi, na kila zilipobadilika kiasi cha kaboni monoksaidi iliyogeuzwa kilipanda au kushuka pamoja nazo. Umbo na kazi vilikwenda kwa mapigo mamoja, kama mguu na ngoma.

Tena mwaka 2016 wataalamu wa kituo cha DESY cha mjini Hamburg walitangaza matokeo yanayohusu moja kwa moja uzee wa masega. Walipanga chembe za aloi ya platinamu na rodiamu kwa viwango mbalimbali vya mchanganyiko, wakazitia kazini kwa joto la nyuzi 277 hivi. Chembe zilizojaa platinamu zilikua kwa kimo kwa kiasi kikubwa, na eneo zilizokuwa zikilifunika likapungua. Chembe ndogo zilivunjika na atomi zake zikahamia kwa zile kubwa. Kadiri rodiamu ilivyozidi katika mchanganyiko, ndivyo mabadiliko hayo yalivyopungua. Jambo la kuzingatia ni kwamba metali haikutoweka: iliungana ikawa mafungu makubwa, na fungu kubwa lina uso mdogo kwa uzito ule ule.

PICHA YA MFANYAKAZI ALIYELALA

Yafaa tujiulize kwa nini mambo haya yalichelewa kujulikana. Sababu ni kwamba kwa miaka mingi vichocheo vilichunguzwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa yote. Vyombo vya uchunguzi vilidai hivyo, kwa kuwa elektroni hazisafiri vyema penye gesi. Elimu iliyopatikana humo ilikuwa kubwa. Mjerumani Gerhard Ertl alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2007 kwa kazi yake juu ya nyuso za metali, na miongoni mwa aliyoyaonesha ni jinsi uso wa platinamu unavyojipanga upya gesi inapoushika. Hata hivyo picha nyingi zilizochukuliwa katika ombwe zilikuwa picha za mfanyakazi aliyelala. Umbo lililoonekana lilikuwa la kweli, ila halikuwa umbo la kazini.

Wataalamu walipolitambua hilo, walibadili vyombo vyao. Walijenga hadubini zinazovumilia gesi na miali inayopenya katika tanuri lenye moto, ili kichocheo kichunguzwe katika hali ile ile ya kazi yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba funzo hili limetoka maabara na kufika katika barabara zetu.

Kwa nini twasema hivyo? Kwa sababu masega ya gari nayo hukaguliwa aghalabu yakiwa yamelala. Mkaguzi huinama, huona mkebe uko mahali pake, huandika kwamba upo, na kazi imekwisha. Lakini mkebe huweza kuwa mzima nao ukawa umekatwa na kutolewa vya ndani. Huweza kuwa na masega ndani, na chembe zake zikawa zimeungana mafungu, au zimefunikwa, zisifanye kazi tena. Na kinyume chake, gari iliyozeeka kwa karatasi huweza kuwa na masega yanayofanya kazi vyema, kwa kuwa mwenyewe ameitunza. Kenya imeweka sheria kwamba gari iliyopita miaka 8 isiingizwe nchini. Sheria ya namna hiyo ina manufaa yake na ni rahisi kusimamia, lakini umri hauwezi kuwa badala ya kipimo cha moshi.

YANAYOYAUA NA YANAYOYALINDA

Wanaosema kwamba masega yanaiba nguvu ya gari, na kwa hiyo yafaa kutolewa, wana chembe ya ukweli ndani ya kosa kubwa. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba huinyima injini pumzi. Lakini masega hayajizibi. Plagi mbovu ikiacha petroli ipite bila kuungua, petroli hiyo huungulia ndani ya masega, joto likapita nyuzi 1,000, chembe zikaungana na kauri yenyewe ikaanza kuyeyuka. Injini inayokula oili hupeleka fosforasi na zinki za oili hiyo juu ya uso wa chembe, zikaufunika. Kuyaondoa masega kwa sababu hizo ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la mwizi. Mwizi yu ndani ya injini bado.

Mafuta nayo yana hukumu kubwa. Kusini mwa Sahara nchi za Afrika ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Huo ni ushindi ambao watu wengi hawakuuona ukipita. Kwa upande wa dizeli, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kinachotaka salfa isizidi sehemu 50 katika milioni, kuanzia mwaka 2015. Salfa ni adui wa vichocheo kwa sababu ile ile tuliyoieleza: gesi yake hushikamana na uso wa chembe, hasa paladiamu, na kumnyima nafasi mgeni aliyekusudiwa. Magari ya dizeli ya siku hizi nayo yana vichocheo vyake, kwa hiyo kila tone la mafuta lililochafuliwa njiani baina ya meli na pampu ni pigo kwa vyombo hivyo.

Wenye viwanda nao hawakukaa bure. Mwaka 2002 wataalamu wa Japani waliofanya kazi na kampuni ya Daihatsu walitangaza kichocheo kinachojihuisha. Moshi wa injini ya petroli hubadilika upesi upesi, mara una oksijeni ya ziada, mara umepungukiwa. Waliifunga paladiamu katika fuwele ya oksaidi kwa namna ambayo, oksijeni inapozidi, paladiamu huingia ndani ya fuwele. Oksijeni inapopungua, hutoka nje ikawa chembe ndogo mpya. Kwa kuingia na kutoka huko, chembe hazipati nafasi ya kuungana na kukua. Gesi ile iliyokuwa sababu ya kuzeeka ikafanywa kuwa sababu ya kurudi ujana. Usione vyaelea, vimeundwa. Na katika mkebe ule uliofungwa chini ya gari kuukuu iliyoshushwa bandarini kwetu pana elimu ya namna hiyo, ambayo fundi asiyeijua huweza kuikata kwa msumeno kwa dakika chache.

Na hukatwa kweli, si hapa tu. Ripoti iliyotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020 ilieleza kwamba baina ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakati huo wataalamu wa shirika hilo walisema wazi kwamba magari mengine hukatwa masega kabla hayajapakiwa melini, kwa ajili ya thamani ya platinamu, na mahali pake pakachomelewa kipande cha bomba. Mnunuzi hulipa bei ya gari nzima, akapokea gari iliyovunjwa mapafu.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwa wakuu wanaohusika na viwango, bandari na usalama wa barabarani, neno letu la kwanza ni hili: moshi na upimwe, injini ikiwa na moto. Masega hayaanzi kazi yake mpaka yafike joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Gari inayopimwa ikiwa baridi haijapimwa. Uingereza, kwa mfano, magari mengi yenye masega hupimwa injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, na kaboni monoksaidi katika moshi hairuhusiwi kupita asilimia 0.2. Mashine ya kupimia ni ndogo, huingizwa mrija wake katika bomba la moshi, na jibu hupatikana hapo hapo. Kipimo kimoja cha namna hiyo chafaa kuliko karatasi kumi zilizogongwa mihuri.

Pili, kipimo kianzie bandarini kabla hakijafika kwa dereva. Si haki mwananchi aliyeuziwa gari isiyo na masega, naye hajui, asimamishwe barabarani na kutozwa faini kwa kosa lililofanywa ng'ambo ya bahari au katika ua wa mfanyabiashara. Mwingizaji wa gari ndiye mwenye kuulizwa kwanza. Na kwa magari yaliyokwisha kuingia, hasa yale ya abiria ambayo riziki ya familia nzima huyategemea, pawekwe muda wa kutosha wa kurekebisha. Masega mapya ni ghali, na sheria inayomfilisi mtu kwa siku moja hutafutiwa njia ya kuikwepa siku ya pili.

Tatu, mafuta yapimwe pampuni na si melini tu, na majibu yatangazwe kwa wananchi. Nne, wanunuzi wa vyuma chakavu watakiwe kuonesha masega wanayoyanunua yametoka katika gari gani. Metali za masega makuukuu hurejeshwa viwandani na kutumika tena, na biashara hiyo ikiwa halali haina ubaya. Ubaya ni kuwa soko la vilivyokatwa usiku.

Kwa wenye magari na madereva, ushauri wetu ni mwepesi. Taa ya injini ikiwaka, isifunikwe kwa utepe. Plagi zibadilishwe kwa wakati, na injini inayokula oili itengenezwe kabla haijayaua masega. Anayenunua gari na aombe ipimwe moshi wake kabla ya kutoa fedha. Na anayezoea kuiacha gari ikinguruma mlangoni asubuhi huku milango ya nyumba i wazi, na akumbuke kwamba katika dakika hizo za mwanzo masega yangali baridi, na sumu yote yaingia nyumbani kwake mwenyewe.

Mafundi wetu nao wasisahauliwe. Wengi wao wamejifunza kazi kwa mikono na kwa akili zao, bila kitabu kilichowaeleza mambo tuliyoyasema leo. Vyuo vya ufundi vya Unguja na Pemba vikiliingiza somo hili katika mafunzo yake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, fundi atakayeletewa gari yenye masega yaliyoziba atatafuta ugonjwa katika injini badala ya kutafuta msumeno.

Wataalamu walihitaji karibu karne nzima kutoka mchoro wa Wulff hadi kuiona metali ikijigeuza mbele ya macho yao, na wameiona baada ya kukubali kuitazama mahali inapofanya kazi. Sisi hatuhitaji karne. Mashine za kupimia zipo, viwango vya mafuta vimekwisha kuandikwa, na elimu ni hiyo iliyo wazi kwa kila atakaye. Kilichobaki ni wakaguzi wetu kuacha kuuliza kama mkebe upo, waanze kuuliza ni nini kinachotoka mwisho wa bomba. Watu wanaokivuta wanasimama kila siku katika vituo vya daladala vya mjini Unguja na kandokando ya barabara za Chake Chake, Wete na Mkoani, nao wana haki ya kupewa jibu.